Sabili Haikosi Mjenzi, Hukosa Mtunzaji



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo dogo ambalo kila mmoja wetu hulipita njiani bila kulitazama mara mbili, nalo ni maji ya kunywa ya bure yanayowekwa barabarani kwa ajili ya kila mwenye kiu. Hapa Ghuba tunayaita sabili. Utayaona nje ya mageti ya nyumba, ukutani mwa misikiti, karibu na maduka na pembeni mwa makaburi. Kwa kawaida ni sanduku la chuma lenye koki mbili au tatu, kopo lililofungwa kwa mnyororo, na juu yake kibao chenye jina la marehemu anayeombewa dua. Ni familia chache miongoni mwetu ambazo hazina jamaa aliyeweka moja.

Ukizitazama vizuri, hata hivyo, utagundua kwamba si zote zinazonywesha. Nyingine koki imekatika. Nyingine maji yanatoka ya moto kama ya chai. Nyingine zina ukungu wa kijani mdomoni mwa bomba, na mtu mwenye akili zake haweki mdomo wake pale. Mita mia mbili mbele kuna nyingine mpya kabisa, inang'aa, iliyowekwa na mtu mwingine. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba miji yetu haina upungufu wa watu wa kujenga sabili. Upungufu uko kwa watu wa kuzitunza, na wa kufikiri ziwekwe wapi ili wenye kiu wazifikie. Wazee wetu walilijua jambo hili vizuri, na walilipangia utaratibu.

Neno na asili yake

Sabil kwa Kiarabu maana yake ni njia. Kutoka "fi sabilillah", yaani katika njia ya Mwenyezi Mungu, neno likaja kumaanisha kitu kilichotolewa bure kwa watu wote, na hasa maji. Katika mapokeo ya Kiislamu, kunywesha maji kumetajwa miongoni mwa sadaka zilizo bora, na ndiyo sababu mtu akifiwa na mzazi hukimbilia kuweka maji. Wazee wa mwambao wa Afrika Mashariki walikuwa na sabili ya namna yao: mtungi wa udongo ulioinikwa kwa kifuniko cha ubao, pamoja na kata ya kifuu cha nazi, umewekwa barazani au mlangoni mwa msikiti. Mtungi ulipoza maji bila ya umeme, kwa sababu udongo hupenyeza unyevu kidogo kidogo, na unyevu ule ukikauka kwa upepo huchukua joto la maji yaliyomo ndani. Lakini mtungi ulikuwa na mtu wake. Kila asubuhi alikuwepo wa kuumwaga, kuusugua na kuujaza upya, na mtungi usiosuguliwa ulijulikana kwa harufu.

Huko Misri jambo hili lilifanywa kwa ukubwa zaidi. Katika mtaa wa Al-Muizz mjini Cairo bado imesimama sabili ya Abd al-Rahman Katkhuda, iliyojengwa mwaka 1744. Chini palitolewa maji, na juu palikuwa na chuo cha watoto cha Kurani. Majengo ya namna hii yalikuwa mengi katika mji ule. Maji yalibebwa kwa ngamia kutoka Mto Nile na kumiminwa katika birika kubwa chini ya ardhi, kisha yakavutwa kwa ndoo na kupitishwa madirishani kwa vikombe.

Kinachonivutia mimi, niliyekuwa karani maisha yangu yote, si mapambo ya marumaru bali ni hati za wakfu za sabili hizo. Aliyejenga hakuishia kwenye jengo. Aliweka wakfu maduka au nyumba ambazo kodi yake ingelipia kazi ya kila siku. Hati zilitaja mshahara wa mtumishi wa sabili, aliyeitwa muzammilati, na sifa zake: awe msafi, mwenye afya na mwenye tabia njema kwa watu. Zilitaja pia fedha za kamba, ndoo, vikombe na sifongo za kusafishia. Kwa maneno mengine, mtunzaji aliandikwa kwenye karatasi pamoja na jengo, siku ile ile.

Somo la falaji

Hatuna haja ya kwenda Cairo kulitafuta somo hili, kwani liko hapa Omani. Mifereji yetu ya aflaji imeleta maji kutoka chini ya milima hadi mijini kwa karne nyingi, na mpaka leo iko inayofanya kazi ipatayo elfu tatu. Mitano kati ya hiyo, pamoja na Falaji Daris ya Nizwa, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Mpangilio wa falaji ni funzo la haki. Pale maji yanapochomoza juu ya ardhi na kuufikia mji, mahali pa kwanza kabisa panaitwa sharia, na hapo ni pa maji ya kunywa. Kila mtu ana haki ya kuchota pale, awe mwenyeji au mpita njia, tajiri au fukara, mwenye shamba au asiye nalo. Baada ya hapo ndipo maji hupita msikitini na kwenye mabafu ya kuogea, ya wanaume na ya wanawake, na mwisho kabisa ndipo huingia mashambani. Huko mashambani sasa huwa mali ya watu, hugawanywa kwa zamu, na zamu moja huitwa athari, ambayo ni kiasi cha nusu saa. Zamani waliipima kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Basi kiu ya mtu ilitangulizwa mbele ya mtende wa tajiri, na hakuna aliyeona ajabu.

Falaji vile vile ina uongozi. Yuko wakili anayeisimamia, yuko arifu anayejua zamu za maji, na yuko mwenye kushika daftari la fedha. Sehemu ya zamu za maji si ya mtu yeyote bali ni ya falaji yenyewe. Hukodishwa, na fedha zake hutumika kuzibua na kutengeneza mfereji. Falaji hujilipia matengenezo yake kwa maji yake yenyewe. Iliyokosa utaratibu huo imekauka, na mitende yake imesimama kama nguzo zisizo na dari.

Zanzibar, London na Paris

Wengi wetu asili yetu ni Zanzibar, au tulipita Zanzibar, na hadithi ya maji ya mji ule inafaa kukumbushwa. Katika karne ya kumi na tisa watu wa mjini walikunywa maji ya visima vilivyokuwa katikati ya majumba, jirani na vyoo na makaburi. Kipindupindu cha mwaka 1869 hadi 1870 kiliua maelfu ya watu. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na ambaye alikwisha kuishi Bombay na kuona mji mkubwa unavyoendeshwa, aliyavuta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi iliyo upande wa Bububu hadi mjini. Watu wakachota bila ya kulipa. Beit al-Ajaib ndiyo inayopigwa picha na watalii, lakini mimi naona bomba lile la maji lilikuwa tendo kubwa zaidi ya jumba, ingawa limelala chini ya ardhi na halionekani.

Wakati huo huo London nayo ilikuwa ikihangaika na maradhi hayo hayo. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wengi wa kipindupindu katika mtaa wa Soho walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja, ya Broad Street. Miaka mitano baadaye, tarehe 21 Aprili 1859, bomba la kwanza la maji ya kunywa ya bure lilifunguliwa katika uzio wa kanisa la St Sepulchre. Lililetwa na chama kilichoanzishwa na mbunge Samuel Gurney. Lilikuwa na vikombe vilivyofungwa kwa minyororo, kama vya kwetu. Mabomba mengi yalifuata, na mwaka 1867 chama hicho kikaongeza na mahodhi ya kunyweshea ng'ombe na farasi.

Wasomaji wenye jamaa London wawaulize habari za mabomba hayo sasa. Mengi yamesimama kama sanamu, makavu, na baadhi yamegeuzwa madebe ya maua. Maji yalipoingia majumbani, watu wakadhani bomba la njiani halina kazi tena, na matengenezo yakaachwa. Mwaka 2018 Meya wa London, Sadiq Khan, ilimbidi aanze mpango wa kuweka mabomba mapya, baada ya watu kuchoshwa na chupa za plastiki. Mji uliokuwa na mabomba ya bure tangu mwaka 1859 ukalazimika kuanza upya.

Paris ilifuata njia nyingine. Mwaka 1872, baada ya vita vilivyouacha mji katika taabu, Mwingereza tajiri aitwaye Richard Wallace aliuzawadia mabomba ya chuma yaliyochongwa vizuri, yenye sanamu za wanawake wanne walioinua kuba. Mabomba hayo bado yanatoa maji hadi leo, na hufungwa tu majira ya baridi ili yasigande. Wallace alikufa zamani. Lakini mji wenyewe uliyakubali kuwa ni wake na ukayaweka katika hesabu zake za kila mwaka. Hiyo ndiyo tofauti baina ya bomba la Paris na la London.

Kwa nini leo, wakati kila nyumba ina bomba

Huenda kijana akauliza: babu, nani anahitaji sabili wakati friji iko nyumbani na chupa iko ndani ya gari? Swali ni zuri, na jibu lake ni kwamba sabili haikuwekwa kwa ajili ya mwenye friji na gari. Iliwekwa kwa mfagiaji barabara, kijana wa pikipiki anayepeleka vyakula majumbani, mtunza bustani, mtumishi wa nyumbani aliyetumwa dukani, mzee anayengoja basi, na mgeni asiyejua lugha.

Joto la Ghuba si jambo la mchezo. Mwezi wa Juni 2018 mji wa Qurayyat, hapa Omani, ulipitisha zaidi ya saa ishirini na nne bila ya joto kushuka chini ya digrii 42.6, hata usiku. Serikali inalijua hilo, na ndiyo maana sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Lakini saa hizo zikipita jua bado lipo, na kazi inaendelea.

Tufanye hesabu kidogo. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani wanashauri mtu anayefanya kazi kwenye joto anywe kikombe kimoja, yaani kiasi cha mililita 240, kila baada ya dakika 15 au 20. Kwa saa nane hiyo ni karibu lita 7. Kwa chupa za nusu lita ni chupa 14. Tuseme chupa moja inauzwa baisa 100. Atahitaji riali 1 na baisa 400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni riali 36 na baisa 400. Hata akinunua nusu yake tu, ni zaidi ya riali 18 kwa mwezi. Kwa mtu aliyeacha watoto Kerala, Bangladesh au Mombasa, fedha hiyo ni karo ya shule. Kwa hiyo anafanya nini? Anavumilia kiu. Na mwili unaovumilia kiu katika joto la digrii 45 huanza kwa kuumwa kichwa na misuli kukakamaa, kisha kizunguzungu, na mwisho unaweza kushindwa kabisa kujipoza. Kwa muda mrefu, figo nazo huumia.

Ziko kampuni zinazowapa wafanyakazi wao maji vizuri. Lakini kijana wa pikipiki mwajiri wake yuko kwenye simu, hayuko naye barabarani. Huyo sabili ndiyo yake.

Sabili inavyofanya kazi, na inavyoharibika

Maji mengi ya mabombani mwetu Maskati ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi; mtambo wa Ghubra ulianza kazi hiyo mwaka 1976. Maji hayo yakitoka kwenye mtambo hutiwa klorini kidogo ili yasipate vijidudu njiani. Hufika kwenye tangi, mara nyingi juu ya paa, kisha huteremka kwenye chujio, na kutoka hapo huingia kwenye sanduku la kupozea, ambamo mashine kama ya friji hulipoza tangi dogo la ndani kabla ya maji kufika kwenye koki.

Kila hatua ina hatari yake. Tangi likikaa juani bila ya kivuli, maji hupata moto, na klorini hupungua upesi kwa joto. Likiachwa bila kifuniko, vumbi na ndege huingia. Chujio nalo halieleweki vizuri na wengi wetu. Chujio la mkaa huondoa ladha mbaya kwa kuiondoa klorini yenyewe. Sasa maji yaliyo nyuma yake hayana mlinzi tena. Chujio lililopitisha muda wake hugeuka kuwa shamba la vijidudu, na mtu angekuwa salama zaidi kama lisingekuwepo kabisa. Wala ubaridi hauui vijidudu. Unavipunguzia mwendo tu. Maji baridi yanaweza kuwa machafu, na ulimi haujui.

Halafu kuna kopo. Sisi tunaliona ni ukarimu, lakini kopo moja la watu mia ni njia ya maradhi. Mwaka 1909 jimbo la Kansas huko Marekani lilipiga marufuku kikombe cha kushirikiana katika mahali pa umma, na majimbo mengine yakafuata. Hapo ndipo mabomba yanayorusha maji juu, mtu akanywa bila ya kugusa kitu, yalipoenea. Siku hizi njia nyepesi zaidi ni koki iliyo juu kiasi cha kutosha chupa ya mtu kuingia chini yake, kila mmoja akajaza ya kwake. Dubai imefuata njia hiyo kwa mpango wa Dubai Can ulioanzishwa mwezi wa Februari 2022, wa kuweka vituo vya kujazia chupa katika bustani, fukwe na mahali pengine pa watu wengi.

Mambo mengine mawili ni ya hatari kweli. La kwanza ni umeme. Sanduku la chuma, maji sakafuni na waya uliokatika ni mauti. Lazima fundi mwenye leseni afunge waya wa ardhini na swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja. La pili ni maji yanayodondoka. Dimbwi dogo chini ya sabili ni nyumba ya mbu, na mwanzoni mwa mwaka 2020 Maskati ilikuwa katika kampeni ya kupambana na mbu wa Aedes aegypti anayeeneza homa ya denge. Mbu huyo hapendi mto wala ziwa. Anapenda kidimbwi kama hicho. Maji ya ziada yaelekezwe kwenye mti, na mti utaleta kivuli.

Kuifikia ni nusu ya maji

Sabili inaweza kuwa safi na baridi na bado isimfae mwenye kiu, kwa sababu hawezi kuifikia. Nyingi zimewekwa ndani ya ukuta wa msikiti, upande wa wanaume. Geti likifungwa baada ya swala, maji nayo yamefungwa. Mwanamke anayepita hapaingii. Mfanyakazi asiye Mwislamu anaona haya au anaogopa kuvuka lango, ingawa hakuna ambaye angemfukuza. Dawa yake ni rahisi: koki itobolewe upande wa nje wa ukuta, ielekee barabarani. Bomba ni lile lile, mtambo ni ule ule, lakini sasa mtaa mzima unakunywa.

Tena tutazame watu wanapokuwa, si pale sisi wenyewe tunapoishi. Katika mitaa ya majumba makubwa utakuta sabili kila baada ya nyumba chache, na kwenye vituo vya mabasi, maeneo ya viwanda na pembeni mwa barabara kuu hakuna hata moja. Sadaka imerundikana mahali pamoja. Mwenye nia ya kuweka mpya na afanye matembezi kwanza, saa kumi ya jioni mwezi wa Julai, aone nani anatembea kwa miguu na wapi.

Urefu nao ni jambo. Koki moja iwe chini, kwa ajili ya mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu, na njia ya kuifikia isiwe na ngazi. Kuwe na kivuli. Na kibao kinachosema "maji ya kunywa" kiandikwe kwa Kiarabu na pia kwa Kiurdu, Kibengali na Kimalayalam, na Kiswahili kikipata nafasi hakitadhuru mtu.

Daftari la sabili

Katika shule ya misheni niliyosoma huko bara, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akisema kwamba kazi isiyoandikwa tarehe haikufanyika. Wakati ule tulimwona mkali bila sababu. Nimeishika kauli ile katika kila ofisi niliyofanya kazi, na ndiyo ninayoitoa hapa.

Familia inayotaka kuweka sabili, au iliyo nayo tayari, na ikae kikao kimoja na iandike mambo haya. Kwanza, nani ndiye wakili wake, kwa jina, na nani atamrithi akisafiri au akifa. Pili, fedha za matengenezo zitatoka wapi kila mwaka. Iwe ni mchango wa ndugu wote, au kodi ya duka dogo lililowekwa wakfu kwa kufuata taratibu za serikali. Haba na haba hujaza kibaba: ndugu kumi wakitoa riali mbili mbili kwa mwezi, mwaka unakwisha wana riali 240. Tatu, kadi igundishwe ndani ya mlango wa sanduku, yenye safu za tarehe: tangi kusafishwa, chujio kubadilishwa, umeme kukaguliwa, na sahihi ya aliyefanya. Nne, namba ya simu iandikwe nje, chini ya jina la marehemu, ili mpita njia akiona koki imekatika ajue wa kumwambia.

Kabla ya kuweka mpya, iulizwe manispaa na mwenye kiwanja, kwani sabili iliyowekwa bila ruhusa huondolewa, na haki yao ni hiyo. Mtambo uchaguliwe ule wenye tangi la chuma cha pua. Marekani mwaka 1988 ilibidi itungwe sheria kwa sababu ya vipoza maji vilivyokuwa na risasi ndani ya matangi yake, na risasi hudhuru akili za watoto.

Najua tatizo letu liko wapi, na nitalisema kwa heshima. Tunapenda jina jipya kwenye kibao kipya. Mtu akitengeneza sabili ya marehemu wa watu wengine anaona kama thawabu imekwenda kwa wenyewe. Sivyo hata kidogo. Aliyejenga ana yake, na aliyeifufua ikanywesha tena ana yake. Mwenye fedha za sabili moja mpya angeweza, kwa fedha hizo hizo, kuzirudishia maji kadhaa zilizokauka katika mtaa wake, na kiu itakayopoa ni nyingi zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekuwa tukijenga ukuta wa pili huku wa kwanza ukianguka.

Mwezi wa Machi haujawa mkali bado. Ni wakati mzuri wa vijana kuzunguka mtaa wao siku ya Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wakiwa na karatasi na kalamu. Waandike kila sabili wanayoiona: inatoa maji au haitoi, ni baridi au moto, ina kivuli, iko ndani ya geti au nje, ina namba ya simu au haina. Orodha hiyo wailete kwa wazee wao kabla ya Juni kuingia. Kazi hiyo ni ya siku moja, na orodha ikishapatikana, wa kutoa fedha na wa kutoa muda hawatakosekana.